Mtu Aliyefilisiwa na Deni Lililobaki Shingoni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeletewa suala na mmoja katika wasomaji wetu, nasi tumeona kuwa jawabu lake lahitajiwa na mji mzima. Asema muulizaji kuwa katika mtaa wao alikuwako mtu aliyekuwa akifanya biashara ya nguo. Biashara ilipomharibikia alikuwa na madeni kwa benki, na kwa wenye maduka ya jumla, na kwa majirani. Katika hao majirani alikuwako bibi mmoja mjane, aliyeuza bangili zake za dhahabu akamkopesha thamani yake, pasi na riba na pasi na hati, kwa kumwamini tu. Nyumba ya mtu yule ikauzwa kwa mnada, na mahakama ikamhukumu kuwa ni muflis. Ikapita miaka mitatu, sheria ikamfungua. Leo Mwenyezi Mungu amempa mlango mwengine wa riziki, ana duka na ana gari. Yule bibi alipomwendea kumkumbusha haki yake, alimjibu: "Mama, deni hilo lilikwisha mahakamani. Serikali imenifutia." Basi auliza muulizaji: je, ni kweli limekwisha?

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye tawfiki: Kwa hukumu ya mahakama, huenda bibi yule hana tena njia ya kumshitaki. Ama kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu, deni lake liko pale pale, halikupungua hata senti moja, mpaka alipwe au asamehe kwa ridhaa ya moyo wake. Hilo ndilo jawabu kwa ufupi. Lakini twaona watu wetu wengi hawajui sheria ya nchi isemavyo juu ya mtu aliyefilisika, wala hawajui sharia ya dini yao isemavyo, na kwa kutojua huku na huku wapotezewa nyumba zao duniani, na wachukua mizigo ya watu kwenda nayo Akhera. Kwa hivyo tutaeleza yote mawili.

Ama sheria ya nchi yetu ya Kenya, iliyoko hivi sasa ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya zamani iliyorithiwa kwa Waingereza. Kwa sheria hii, mwenye kudai aweza kumpelekea mdeni waraka wa kumtaka alipe, na zikipita siku 21 bila ya malipo wala mapatano, aweza kwenda mahakamani kuomba mtu yule ahukumiwe kuwa muflis. Na mdeni mwenyewe, akiona mambo yamemzidi, aweza kujiombea. Akishahukumiwa, mali yake hutoka mkononi mwake ikaingia mkononi mwa msimamizi, naye msimamizi huiuza na kuwagawia wadai kwa taratibu iliyowekwa. Mdeni huachiwa vyombo vya kazi yake, na nguo, na vitu vya lazima vya nyumbani, kwa kadiri iliyowekwa na sheria. Muda wote huo wadai huzuiliwa wasimwandame kila mmoja kwa njia yake. Wala mtu huyo hafai kuchaguliwa kuwa mbunge mpaka afunguliwe. Hilo limo katika Katiba ya mwaka 2010. Kisha ikipita miaka mitatu tangu alipotoa maelezo ya mali na madeni yake, hufunguliwa, na madeni aliyokuwa nayo hayadaiki tena mahakamani, ila baadhi yake, kama deni lililopatikana kwa udanganyifu na nafaka ya mke na watoto iliyohukumiwa na mahakama.

Na kwa mtu mkata kabisa, asiye na kitu cha kuuzwa, iko njia nyepesi zaidi: akiwa madeni yake hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi shilingi 400,000, aweza kuingizwa katika taratibu ya wasio na mali, akafunguliwa baada ya mwaka mmoja. Njia hii mtu haipati mara mbili, na mwenye kuficha mali ili aipate huharibu jambo lake mwenyewe.

Sasa ndugu zetu wauliza: na nyumba je? Hapa yapasa watu wafahamu sana, kwani hapa ndipo wanapoangamia. Nyumba iliyowekwa rahani kwa benki haingoji kufilisika kwa mtu. Hata akihukumiwa kuwa muflis, mwenye rahani hubaki na rahani yake: huiuza nyumba, hujilipa, na kinachozidi ndicho kiendacho kwa wadai wengine. Na bei isipotosha, kilichobaki huwa ni deni juu ya mtu yule yule aliyekwisha kutoka nyumbani mwake. Watu wangapi wadhani kuwa wakinyang'anywa nyumba na deni limekwisha? Kisha huletewa barua nyingine wakaona wamedhulumiwa, na wao ndio walioweka sahihi.

Walakini sheria haikumwacha mdeni uchi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba wanayokaa mume na mke haiwekwi rahani ila kwa ridhaa ya wote wawili. Mdeni akichelewa kulipa, hupewa ilani ya muda usiopungua miezi mitatu. Kisha hupewa ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa. Na dalali naye, kwa kanuni zao za mwaka 1997, humpa siku 45 za kuikomboa. Tena yampasa mwenye kuuza aikadirishe nyumba kwanza na atafute bei iliyo njema kadiri iwezekanavyo. Akiiuza kwa bei iliyo chini mno ya bei ya soko, mdeni aweza kwenda mahakamani kulalamika. Zote hizi ni nafasi za mtu kutafuta suluhu, au kuiuza nyumba yake mwenyewe kwa bei nzuri kabla haijafika mnadani. Lakini watu wetu hufanya nini? Barua ya kwanza hutiwa sandukuni, ya pili hutiwa chini ya godoro, na ya tatu hupelekewa mganga. Siku ya mnada ndiyo siku mke na watoto wajuapo kuwa nyumba ilikuwa rahani.

Na kina mama nao, Mwenyezi Mungu awahifadhi, huletewa karatasi jikoni wakaambiwa, "Tia sahihi hapa, ni mambo ya benki tu." Wakatia. Twawausia dada zetu: sahihi yako ndiyo ngome ya nyumba yako. Usiitie mpaka usomewe na uelewe, wala si utovu wa adabu kwa mume kuuliza.

Tena kuna balaa iliyo kubwa zaidi katika miji yetu ya pwani, nayo ni nyumba za mirathi zisizogawanywa. Mzee hufa akaacha nyumba, na watoto wake wanane hukaa miaka thelathini bila ya kuhisabiana, na hati imeandikwa jina la kaka mkubwa. Kaka akaingia katika biashara, akaipeleka hati benki. Mbele ya benki nyumba ni yake. Mbele ya Mwenyezi Mungu ana fungu lake tu, na mafungu ya ndugu zake na ya mama yao ni amana. Hana ruhusa kuweka rahani kisichokuwa milki yake bila ya idhini ya wenyewe. Siku dalali ajapo na kengele yake, hutolewa nje mjane wa marehemu na mayatima wasiojua deni hilo lilikopwa lini wala lililiwa na nani. Basi enyi ndugu zetu, gawanyeni mirathi mapema, na kila mtu aandikiwe haki yake. Kuichelewesha kwa kuoneana haya ndiko kulikoleta dhuluma hizi.

Hayo ndiyo ya sheria ya nchi. Ama sharia yetu, haikungoja mwaka 2015 kusema juu ya muflis. Maulamaa wamemwekea mlango wake katika vitabu vya fikihi, wakauita mlango wa taflisi. Wamepokea kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alimzuilia Muadh bin Jabal (r.a.) mali yake akaiuza kwa ajili ya deni lililokuwa juu yake, na Muadh ni katika wanavyuoni wakubwa wa masahaba. Tumtajapo yeye twataka watu wajue kuwa kufilisika peke yake si aibu wala si dhambi. Aibu ni kukopa kwa hila, na dhambi ni kuzuia haki ya mtu na hali unayo.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mtu ambaye madeni yake yaliyofika muda yamezidi mali yake, na wadai wakataka, kadhi humzuilia asiitumie mali hiyo, kisha huiuza na kuigawanya baina yao kwa mafungu ya madeni yao. Huachiwa nguo zimfaazo mtu kama yeye, na hulishwa yeye na wanaomtegemea mpaka siku ya kugawanywa. Mwenye kuikuta bidhaa yake yenyewe kwa muflis, haijalipiwa wala haijageuka, ana haki nayo kuliko wengine. Na hilo limethubutu katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim.

Na nyumba? Wengi watastaajabu kusikia kuwa katika kauli iliyo sahihi zaidi ya madhehebu yetu, nyumba ya muflis huuzwa, hata ikiwa ndiyo anayokaa, naye akapanga mahali pengine. Imam Ahmad bin Hanbal yeye asema nyumba asiyokuwa na budi nayo haiuzwi. Na Imam Abu Hanifa aona kuwa kadhi hamuuzii mtu mali yake kwa nguvu, bali humfunga mpaka auze mwenyewe. Na wanafunzi wake wawili wakubwa wamemkhalifu katika hilo. Tumezitaja kauli hizi ili ajue mwenye kusema "Uislamu haumtoi mtu nyumbani mwake" kuwa amesema bila ya elimu. Haki ya mwenye kudai ni nzito. Mtu hakai katika kasri na hali mjane aliyemkopesha alala katika chumba cha kupanga.

Kufika hapa, utaona kuwa sheria ya nchi na sharia ya dini zakaribiana: zote zaikusanya mali, zote zawagawia wadai kwa uadilifu, zote zamwachia mdeni cha kusitiri uchi wake, na zote zawazuilia wadai wasimtese. Zinapoachana ni hapa: baada ya mali kugawanywa, sheria ya nchi huhisabu miaka, ikitimia hulifuta lililobaki. Sharia hailifuti. Aliyekuwa hana, haandamwi wala hafungwi, kwani aandamwe kwa kitu gani? Lakini dhima yake haikufunguka. Siku Mwenyezi Mungu atakapompa wasaa, yampasa alipe, ikiwa imepita miaka mitatu au imepita thelathini. Mahakama imeufunga mkono wa mwenye kudai tu. Haina uwezo wa kusamehe haki isiyokuwa yake.

Na uzito wa jambo hili ajue mwenye kutaka kujua. Aliletwa maiti mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.) ili asaliwe, akauliza kama ana deni, akaambiwa ana deni la dinari mbili. Hakumsalia yeye mwenyewe mpaka aliposimama Abu Qatada (r.a.) akalichukua deni lile juu yake, na baadaye hakuacha kumuuliza Abu Qatada mpaka alipomwambia kuwa ameshalilipa. Dinari mbili tu! Tena tumefundishwa katika Hadithi sahihi kuwa shahidi, aliyeitoa roho yake katika njia ya Mwenyezi Mungu, husamehewa yote ila deni. Basi atasalimika vipi mwenye duka na gari, anayemwambia mjane kuwa serikali imemfutia?

Wala asidhani mwenye kudai kuwa maneno haya yote ni ya kumpendelea yeye. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya al-Baqara, aya ya 280, kuwa mdeni aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na akatufahamisha kuwa kumwachia kabisa ni bora kwetu. Maulamaa wamesema kuwa kumngojea asiyenacho ni wajibu na kumsamehe ni sunna, na hapa ni katika mahali pachache ambapo sunna imeishinda faradhi kwa ubora. Na katika zama za Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwako mtu aliyenunua matunda yakapatwa na maafa, madeni yakamzidi. Mtume akawahimiza watu wamtolee sadaka. Wakatoa, na haikutosha. Ndipo alipowaambia wadai wake wachukue kilichopatikana, na kuwa hawana zaidi ya hicho. Tazama taratibu hii: kwanza jamaa ya Waislamu husaidia, kisha wadai huridhika. Sisi leo, mtu akifilisika, kwanza twamsengenya, kisha twamtafutia dalali.

Wako pia wenye kukimbilia kumfunga mdeni. Sheria ya nchi yaruhusu mdeni afungwe kwa muda usiozidi miezi sita, lakini ni baada ya mahakama kuhakikisha kuwa anacho na hataki kulipa, au ataka kutoroka na mfano wa hayo. Sharia nayo imesema kuwa mwenye nacho kukawiza ni dhuluma, na ni halali kushitakiwa na kuadhibiwa. Ama kumfunga mkata ili jamaa zake waaibike wachange, hiyo ni dhuluma iliyo wazi.

Na sasa twasema na wale wenye hila, nao wameanza kuwa wengi. Mtu akiona madeni yanamjia, hukimbia akaandika nyumba jina la mke, au la mtoto aliye mchanga, au akatangaza kuwa ni wakfu. Wakfu wa kweli, uliowekwa na mtu akiwa katika wasaa wake, hauuzwi kwa deni lake, kwa kuwa umekwisha kutoka katika milki yake. Lakini wakfu wa kuwakimbia wadai ni kumfanyia istihzai Mwenyezi Mungu. Na aliyekwisha kuzuiliwa na kadhi, wakfu wake hausihi wala kipawa chake. Na sheria ya nchi nayo ina njia za kubatilisha vipawa vya namna hii. Hupotea nyumba, ikapotea na heshima.

Ndugu zetu Waislamu, tujiulize madeni haya yametoka wapi. Yako yaliyotoka katika biashara iliyoharibika na maradhi yasiyokuwa na hiari, na hao ni wa kuhurumiwa. Lakini mangapi yametoka katika harusi za siku saba, katika sare na mapambo, katika kushindana na jirani? Mtu hukopa kwa riba, na leo hukopa hata katika simu yake akiwa amelala kitandani, ili watu wale pilau siku moja wamsifu, naye akalipa miaka mitano. Na akifa, jamaa huchanga kwa hitima na kuchinja mbuzi, wala hapana aulizaye, "Marehemu alikuwa na deni la nani?" Na Qur'ani katika Sura ya an-Nisaa imetaja mafungu ya warithi baada ya kutolewa wasia na deni. Mchele wa matanga ni mali ya wadai kwanza!

Tena kumbukeni kuwa kadhi wetu leo, kwa Katiba, hukumu zake ni za ndoa, na talaka, na mirathi, na mambo ya dhati ya mtu katika hayo. Mlango wa taflisi hauko mikononi mwake. Kwa hivyo haki hii imeachiwa imani zetu, na misikiti yetu, na wazee wetu wa mitaa. Twaona yapasa yafanywe mambo manne. La kwanza, kila deni liandikwe na lishuhudiwe, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Laiti bibi yule angelikuwa na karatasi, jambo lake lisingekuwa neno lake na neno la mwenziwe. La pili, mwenye kuona biashara yake yaporomoka awaite wadai wake mapema awaeleze kweli, kwani watu humsamehe mkweli wasimsamehe mwenye kujificha. La tatu, zaka zetu zisisahau fungu la wenye madeni, nalo limetajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya at-Tawba, aya ya 60. Nyumba moja ya mayatima kukombolewa kabla ya mnada ni bora kuliko senti za kugawa mlangoni. La nne, asitumie mtu mlango wa kufilisiwa ila akiwa amefilisika kweli, naye atie nia ya kulipa. Tumepokea katika Hadithi kuwa mwenye kuchukua mali ya watu na nia yake ni kulipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Na mwenye kuichukua kwa nia ya kuiangamiza, huangamizwa yeye.

Tukirudi kwa mtu wa suala letu, twamwambia kwa mapenzi: ndugu yetu, sheria imekupa nafasi ya kusimama tena, nayo ni neema. Hukukosa kuitumia. Umekosa kwa ulipomjibu mjane. Mwendee leo, kabla jua halijatua. Kama unacho cha kumlipa mara moja, mlipe. Kama huna, mwandikie, umpe kila mwezi kadiri uwezavyo, na umtake radhi kwa neno lile. Na wengineo uliokuwa na mali zao uwatafute mmoja mmoja. Aliyekufa, wapo warithi wake. Na huyo mama, akitaka kukusamehe, hiyo ni hisani yake, wala usimshurutishe kwa haya za watu.

Bwana Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba wake kama wamjua muflis ni nani, wakasema ni asiye na dirhamu wala chombo. Akawafahamisha kuwa muflis wa umati wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, naye amemtukana huyu na amekula mali ya huyu; wagawiwe mema yake mpaka yaishe, kisha atwikwe maovu yao. Mahakama ile haina miaka mitatu, wala haina mtu wa kukufungua ila mwenye haki yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na mzigo wa madeni na kushindwa na watu, awape wasaa wenye dhiki, na awalainishe nyoyo wenye kudai. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.